Bastola Yenye Jina Langu

Hasira ya wiki iliyopita bado ninayo, kwa hiyo leo sianzi na salamu.

Kwa ambaye hajawahi kunisoma: mimi ni Hilda Nyamburi, mjane wa Kibara. Nanunua mabondo, lile pafu la sangara tunalolikausha na kuwapelekea matajiri wa Musoma, nao wanalipeleka ng'ambo. Mfuko mmoja wa mabondo unatosha mtu kukutoa roho. Ndiyo maana nina bastola, na bastola ina leseni. Leseni halali kabisa, nenda kaiangalie, hadi picha nimevaa kitambaa cha kanisani.

Alhamisi saa nne asubuhi gari langu lilipata pancha Guta. Vijana wawili wakaja na pikipiki. Mmoja akashika mfuko wangu kwa mkono huu na panga kwa mkono huu. Nikatoa bastola. Unajua alifanya nini? Alicheka.

"Piga basi, mama! Piga tuone!"

Ikalia. Akaanguka ameshika paja. Mwenzake akapanda pikipiki akapotea, panga likabaki chini, mfuko wangu ukabaki wangu. Hapo ndipo tulipoachana, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani balaa limeishia pale.

Kituoni Bunda nilikwenda mwenyewe. Sikuletwa, sikukamatwa. Nilipanda ngazi zile kama mshtaki, nikaweka bastola mezani, nikasema, "Afande, nimevamiwa."

Aliyenipokea ni Afande Maige, mpelelezi. Mtu mpole, ana sauti ya katekista. Akanipa kiti, akanipa pole, akaniulizia maji ya kunywa. Kisha akaichukua bastola, akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Mama, namba iko wapi?"

"Namba gani?"

"Namba ya silaha. Kwenye leseni yako ipo. Kwenye chuma haipo."

"Si kuna jina langu hapo, afande? Soma. HILDA KIBARA."

Akasoma. Akamwita mwenzake, naye akasoma. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha wao wakaacha, nikabaki nacheka peke yangu.

"Nani ameifuta namba, mama?"

Hapa ngoja nieleze, maana najua mnavyoniona. Miaka miwili nyuma nilikuwa napasua sangara kutoa bondo, kisu kikateleza, kikakata mshipa wa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Tangu siku hiyo kidole hakikunjiki. Bastola ilikuwa na triga ngumu, na mimi kidole ni kama kijiti. Ningefanya nini?

Njia halali ipo. Unarudi kwa waliokupa kibali, unaeleza shida yako, wanakuelekeza kwa fundi mwenye ruhusa. Nilijua. Nilijua, jamani, na hicho ndicho kinachonila roho! Ila safari, barua, njoo kesho, na mabondo yanasubiri. Nikasema ah, fundi si ninaye nyumbani?

Fundi mwenyewe ni shemeji yangu Masatu, mdogo wa marehemu mume wangu. Anatengeneza mashine za boti pale Kibara, na hakuna mashine iliyomshinda. Nikamwachia bastola asubuhi, jioni nikaichukua. Triga imelegea, kutu imeisha, inang'aa kama kijiko cha harusi. Na ubavuni amenichongea jina.

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi! Maana kwetu ziwani mashine za boti zinaibwa kila wiki, na mwizi akiiba kitu cha kwanza anafuta namba. Nani anakumbukaga namba? Kwa hiyo fundi anakuchongea jina kwenye chuma, na mwalo wote wa boti unajua hii ni ya fulani. Mashine isiyo na jina ndiyo ya wizi. Masatu anasemaga kila siku, "Namba ni ya kiwanda, jina ni la mwenye mali." Basi na bastola akaifanya hivyo hivyo: akapitisha grinda kwenye namba, akaandika mwenye mali. Mimi niliona sasa hata shetani hawezi kunidhulumu.

Nikamweleza Maige yote hayo, isipokuwa jina la fundi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hii si mashine ya boti."

"Najua, afande."

"Hujui." Akatoa risasi zote, akaelekeza bastola ukutani, akagusa triga kwa kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa. Ikalia ka! Akanitazama. "Hii hata mtoto akipiga chafya inafyatuka. Nani kailegeza?"

Nikashika kidole changu kibovu.

"Haya. Panga la huyo mvamizi liko wapi?"

Niliwaelekeza mahali. Walikuwa wameshatuma watu, na watu walikuwa wamerudi mikono mitupu. Panga zuri, lenye mpini mpya, limelala kando ya barabara msimu wa kupalilia, Guta nzima wakulima! Lingekaa mpaka lini? Mwenye bahati yake alikuwa ameshaingia nalo shambani. Ushahidi wangu ulikuwa unakata magugu mahali fulani, na mimi sina hata la kuonyesha.

"Sasa niambie jambo moja tu," Maige akasema, kalamu mkononi. "Wakati ule, wewe ndiye uliyepiga, au ilijipiga?"

Nikafikiri haraka. Mimi mwanamke wa jumuiya, ninapokea komunyo. Nitasemaje nimekusudia kumpiga mtu risasi?

"Ilijipiga, afande. Mimi nilikuwa namtisha tu. Sikukusudia."

Akaandika. Akanisomea. Nikaweka sahihi na dole gumba. Nikajiona mjanja sana, kumbe kaburi nimechimba na jembe ni langu.

Nililala mahabusu. Ijumaa mchana akaja Clementi, mtoto wa mdogo wangu, wakili kule Musoma. Nilimbeba mgongoni huyu, nilimpangusa kamasi. Akaomba maelezo yangu, akayasoma amesimama. Alipofika mwisho akakaa.

"Mama mkubwa, nani alikuambia uandike hivi?"

"Roho yangu."

"Roho yako imekufunga. Kujihami maana yake nini? Uliona hatari, ukaamua, ukapiga. Hapa umeandika kwamba hukuamua kitu. Bastola ndiyo iliyoamua."

"Nilitaka wanione si muuaji."

"Wamekuona mzembe mwenye silaha iliyochezewa."

"Basi nibadilishe. Niseme nilikusudia."

"Watauliza siku gani ulidanganya, jana au leo. Tena watauliza, kama ulikusudia kujihami tu, triga ulilegeza ya nini?"

"Kidole hakikunjiki, Clementi! Kitazame! Hiki hapa!"

"Mimi nakiona. Hakimu ataona triga."

Jamani, nilitaka kulia, nilitaka kumpiga kofi, nilitaka nirudi Alhamisi niwaachie wale vijana mfuko waende zao. Mvamiwa ni mimi! Niliyeshikiwa panga ni mimi! Halafu yule niliyempiga, Gody Mugeta, kijana wa Butiama, amelala wodini kwao anakunywa uji, na amewaambia polisi alikuwa anapita tu, akasimama anisaidie kubadilisha tairi. Msamaria mwema! Mimi ndiye jambazi, nimempiga risasi mtu aliyekuja na jeki.

"Hayo ya kupiga nitapambana nayo," Clementi akasema, sauti ameishusha. "Kinachoniogopesha ni namba. Leseni yako inaruhusu bastola moja, yenye namba inayoishia na 052. Hii waliyonayo polisi haina namba. Kwa sheria hiyo si bastola yako, ni chuma kilichoandikwa jina lako. Wakishindwa kuiunganisha na leseni, unashtakiwa kumiliki silaha bila leseni, na iliyofutwa alama. Hapo hatuzungumzii faini, mama mkubwa. Tunazungumzia miaka jela."

Nina miaka hamsini na minne. Nikahesabu haraka, nikaacha kuhesabu.

"Sasa nani anaweza kuthibitisha kwamba chuma hiki ndicho kile cha kwenye leseni?"

Nilijua ni nani. Sikutaka kusema. Masatu ndiye alinizikia mume, ndiye aliyekataa ndugu wasinifukuze kwenye nyumba. Nikimtaja, naye anashtakiwa: fundi wa boti, hana ruhusa ya kugusa silaha hata kwa kitambaa.

"Mama mkubwa?"

"Shemeji Masatu," nikasema. Aibu ilinishika mpaka kwenye masikio.

Jioni ile nilitoka kwa dhamana. Jumamosi na Jumapili nilijifungia ndani, simu nimezima, sikutaka kuona mtu, hata misa sikwenda. Jumatatu asubuhi nikawasha simu, Clementi akanipitia tukaenda kwenye karakana.

Masatu alikuwa ameinama kwenye mashine, jiko la mkaa analopashia vyuma linawaka pembeni. Aliponiona akanyoosha mikono yenye oili.

"Shemeji! Nimesikia umewatandika! Ile kitu si inafanya kazi?"

"Inafanya, shemeji. Inafanya mpaka imenipeleka mahabusu."

Clementi akamweleza. Hakumficha: akija kutoa ushahidi anaweza kuingia yeye. Masatu akasikiliza, akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Niliona anawaza watoto wake sita.

"Kaka aliniachia huyu mama nimwangalie," akasema mwishowe. "Nitakuja. Tena nina zaidi ya mdomo. Mimi nikifuta namba ya mashine siiachi ipotee. Naandikaga."

Akatoa juu ya kabati daftari kubwa, jeusi kwa oili. Kila chuma kilichopita mkononi mwake, awe amekichonga au hakukichonga, jina na namba.

Nilimshika Masatu nikamkumbatia na oili yake yote. Clementi mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akafungua, akatafuta tarehe, akaiona. Akatoa nakala ya leseni mfukoni, akaiweka kando ya daftari.

Kicheko kikaisha.

"Shemeji Masatu, hapa umeandika 'Hilda, bastola', na namba inaishia na 417."

"Ndiyo. Niliinakili kwenye chuma chenyewe kabla ya kupitisha grinda."

"Leseni inasema 052."

Akateremsha kidole mstari wa chini. Akasoma polepole. "'Gody, Butiama, bastola.' Hii ndiyo inaishia na 052."

Nikalivuta daftari. "Gody gani?"

"Kijana mmoja wa Butiama," Masatu akasema. "Alileta ya kwake siku ile ile. Zinafanana, shemeji! Nyeusi zote, kutu zote. Yake alisema ni mbovu, haitoi risasi. Ya kwako ndiyo hiyo nililegeza triga, nikakuta pini ya kugonga risasi imepinda nikainyoosha, sikukudai hata. Ya kwake nikaijaribu, nzima kabisa! Nikamwambia, 'Kijana, yako haina ugonjwa.' Akaitazama, akaweka mfukoni, akaenda. Hakuuliza kitu."

Bila shaka hakuuliza! Amekuja na mbovu anaondoka na nzima, aulize nini?

"Na aliniona mimi?"

"Hapana, ila aliliona jina. Akauliza Hilda ni nani." Masatu akaanza kupunguza sauti. "Nikamwambia ni shemeji yangu, muuza mabondo. Mwanamke jasiri, anapitaga Guta kila Alhamisi peke yake."

Yesu wangu.

Ndiyo maana alicheka! "Piga basi, mama, piga tuone!" Alijua bastola niliyoshika ni ile yake mbovu, haijawahi kulia tangu aipate. Hakujua shemeji yangu fundi hodari ameinyoosha pini, bure, kwa upendo.

Clementi alikuwa amekaa juu ya dumu, mikono kichwani. "Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unatembea na silaha ya jambazi. Huu ukurasa hauthibitishi kwamba bastola ni yako. Unathibitisha kwamba si yako."

"Bila huu ukurasa?" Masatu akauliza.

"Bila huu ukurasa wanabaki hawajui namba ilikuwa ngapi."

"Basi nichane."

"Usiguse!" Clementi akasimama. "Huo ni ushahidi. Ukichana mbele yangu nimekwisha kazi, na wewe umekwisha."

Masatu akanitazama mimi.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe, na sijui kama mtanielewa. Mimi sikusema "chana". Naapa. Ila sikusema "usichane" pia. Nilimwangalia tu machoni, nikakaa kimya, na Masatu ananijua mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Simu yangu ikalia. Afande Maige. Kwenye karakana sauti inakatikakatika, nikatoka nje mpaka kwenye lori bovu, Clementi akanifuata asikie.

"Mama, za tangu Ijumaa? Nakutafuta tangu jana, simu haipatikani." Ile ile sauti ya katekista. "Bastola yenye namba ya leseni yako imepatikana."

"Imepatikana wapi, afande?"

"Butiama. Dukani kwa mtu. Jumamosi jioni vijana wa pikipiki walimvamia, wakampiga risasi, wakaiangusha wakikimbia. 052, namba haijaguswa. Mwenye duka amefariki leo alfajiri."

Nikashika lori.

"Sasa naelewa kwa nini ile yako haikuwa na namba," akaendelea. "Ulikuwa na mbili, mama. Moja ya kutembea nayo, moja ya kuwapa watu. Kama sivyo, niambie. Lini ilitoka mikononi mwako, na ilikwenda kwa nani?"

Clementi akanishika mkono kwa nguvu. Naye alikuwa amesikia. "Daftari," akanong'ona. "Mama mkubwa, daftari! Tarehe ipo, 052 ipo, jina la Gody lipo. Huo ukurasa ndio unaokutoa!"

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, gauni nimelishika juu ya magoti, simu mkononi.

Masatu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, ananisubiri kwa tabasamu la mtu aliyekutendea wema.

"Tulia, shemeji. Hakuna tena."

Nikaingiza mkono kwenye mkaa. Wa kulia, kwa mazoea, na kidole hakikunjiki! Karatasi naigusa, kuibana siwezi. Inateleza, inajikunja, inakuwa nyeusi. Mpaka nimeangusha simu nikaingiza wa kushoto, kilichobaki ni kipande cha pembeni, hakizidi kucha mbili.

Nikakifuta majivu. HILDA. Namba zote zimeungua.

Na simu pale chini, kwenye oili, Maige alikuwa bado anaita. "Mama, upo? Nimeuliza swali moja tu. Ulimpa nani?"